Darubini ya 10x50 kwa Mwezi Muandamo: Inachokimaliza na Isichokimaliza Unapokhitilafiana na Sheikh Wako

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: Nikon Aculon A211 ya 10x50 inatosha kwa kazi ya kuutafuta mwezi muandamo kutoka pwani za magharibi za Unguja na Pemba. Inashikika, imejengwa kwa utulivu, na mwezi mwembamba inauonesha dakika kadhaa kabla jicho tupu halijaudiriki. Ila anayeinunua kwa nia ya kwenda kumshinda sheikh wake barazani atakuwa ametupa pesa. Khitilafu za mwezi huku kwetu ni za namna tatu, na kioo kinaingia katika moja tu. Hapa zinaelezwa zote tatu, kwa sababu chombo hiki kinatumika jioni ya tarehe 29, mji mzima unangoja habari, na mwenye kauli ya mwisho ni mtu mwengine.

Namna ya kwanza ni ya macho: je, mwezi umeonekana au haukuonekana? Ya pili ni ya hesabu: ushahidi umekubaliwa, na wewe unajua kwa yakini kwamba jioni ile mwezi haukuweza kuonekana. Ya tatu ni ya matlai, yaani mahali mwezi unapoandama: sheikh anafuata muandamo wa hapa na nchi jirani, wewe unaona muandamo wa popote duniani unatosha, au kinyume chake. Hii ya tatu ndiyo inayogawa nyumba nyingi Zanzibar, baba yumo katika saumu na mtoto ameshavaa kanzu ya Idi, na ndiyo ambayo darubini haina la kusema. Tuanze na ile inayoiweza.

Chombo chenyewe

Nambari 10 ni ukuzaji, mara kumi. Nambari 50 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Uwanja wake wa kuona ni nyuzi 6.5, yaani kipande cha anga ambacho miezi mipevu 13 ingeweza kupangwa ubavu kwa ubavu. Upana huo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwani kazi kubwa jioni ya tarehe 29 ni kuupata mwezi, na mwenye kioo chembamba huzunguka pembeni yake mpaka ukazama. Uzito ni gramu 900 hivi.

Mabaharia wetu wamezoea 7x50, na wengi huuliza kwa nini isiwe hiyo. Darubini ya 7x50 hutoa mwale wa mwanga wenye upana wa milimita 7, mzuri kwa usiku wa manane, mboni ya jicho ikiwa imefunguka yote. Mwezi muandamo hautafutwi usiku. Unatafutwa anga ikiwa bado nyeupe au ya manjano, mboni imebana, na sehemu ya mwanga ule hauingii machoni. Tena shida ya saa ile si uchache wa mwanga, ni udogo wa tofauti baina ya uzi wa mwezi na anga iliyo nyuma yake. Ukuzaji wa mara kumi hupunguza ung'avu wa anga na kuunenepesha ule uzi. 10x50 ina mwale wa milimita 5, na kwa jioni za kwetu hicho ndicho kipimo.

Kasoro yake ya kwanza ni kwa wavaa miwani. Jicho linatakiwa likae milimita 11.8 kutoka kioo cha nyuma, na miwani peke yake hula nafasi hiyo. Asiyeona mbali avue miwani tu, gurudumu la kati litafidia. Mwenye kasoro ya jicho ambayo gurudumu haliwezi kuirekebisha, ile inayohitaji miwani ya silinda, atafute darubini yenye nafasi ya milimita 15 au zaidi, la sivyo atauona mwezi umegawanyika pacha na akaleta utata mbele ya kadhi.

Kasoro ya pili: haizuii maji. Manyunyu ya masika au mruko wa wimbi ukiwa kwenye boti vinaweza kuingia ndani, na maji yakishaingia baina ya vioo hayatoki kwa kufuta.

Kasoro ya tatu si yake peke yake. Darubini ya mara kumi ikishikwa kwa mikono hutikisika, na mwezi wenye unene wa uzi hupotea katika mtikisiko ule. Mbele ya bawaba yake pana kifuniko kidogo, ukikifungua kuna tundu la skrubu. Hapo hufungwa kipande cha chuma chenye umbo la L, kinachouzwa mbali, kisha kinakaa juu ya stendi ya kawaida ya kamera. Nunua vyote kwa pamoja. Asiye na stendi aegemeze viwiko juu ya ukuta wa bahari au ubavu wa ngarawa iliyopandishwa mchangani. Kusimama wima na kushika kwa mikono mitupu hakutoshi.

Kuitayarisha kabla ya tarehe 29

Kosa linaloharibu jioni nyingi ni kuanza kurekebisha kioo wakati mwezi unakimbia. Ifanye kazi hiyo usiku wa kuamkia 28 au kabla. Chagua nyota kali, Suheli kwa mfano, inayoonekana vyema kwetu miezi ya mwanzo wa mwaka. Funika pipa la kulia, yaani bomba la darubini la upande huo, zungusha gurudumu la kati mpaka nyota iwe nukta kwa jicho la kushoto. Sasa funika la kushoto, usiguse gurudumu la kati, zungusha pete iliyopo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka nyota iwe nukta tena. Tia alama mbili kwa kalamu ya wino usiofutika, moja kwenye gurudumu na moja kwenye pete. Jioni ya tarehe 29 unarudisha alama mahali pake na mwezi utakuwa mkali, hata kama angani hakuna kitu chengine cha kupimia.

Nyota ile ile itakwambia kama darubini imeanguka. Ukiona nyota mbili badala ya moja na macho yako yote yamefunguka, vioo vya ndani vimehama. Usiende nayo kutoa ushahidi.

Jua ni hatari kubwa kuliko zote. Darubini haielekezwi magharibi mpaka ukingo wa juu wa jua uwe umepotea wote. Kioo cha 50 mm kikilikusanya jua huunguza sehemu ya ndani ya jicho, na sehemu hiyo haina neva za maumivu, kwa hivyo mtu haoni kuwa ameumia mpaka doa jeusi lishakaa. Watoto wa madrasa wakiwepo, kifuniko cha lenzi kibaki mahali pake, na mtu mmoja tu ndiye aruhusiwe kukiondoa.

Pahala na saa

Unguja, upande wa Forodhani, Maruhubi na Bububu unaangalia mkondo wa bahari na bara. Fumba kwa kusini na Nungwi kwa kaskazini ni pazuri pia. Paje na Jambiani si pahala pake, magharibi yake ni nchi kavu na minazi. Pemba, Ras Kigomasha, penye mnara wa taa wa tangu 1900, pana upeo wa magharibi ulio wazi. Anayetazama kutoka mjini Unguja ajue kwamba bara iko kiasi cha kilomita 40, na mawingu ya bara hujipanga juu ya upeo na kumeza nyuzi mbili tatu za mwisho. Kwa hivyo mwezi ulio chini sana hesabu umeshapotea.

Jua huku kwetu huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni, kwa kutegemea wakati wa mwaka, na halizami pahala pamoja. Mwezi wa Juni huelekea kaskazini ya magharibi kwa nyuzi 23, Disemba kusini kwa kiasi hicho hicho. Anayetazama "magharibi" kwa mazoea ya mwaka jana atautafuta mwezi pasipo wake. Njia ya uhakika ni hii: jua likigusa bahari, chukua alama, mlingoti wa jahazi au ncha ya kisiwa. Kutoka alama hiyo pima kwa ngumi. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya mkono ni nyuzi 10 hivi, kidole ni nyuzi 2. Programu ya falaki kama Stellarium itakwambia kabla mwezi utakuwa ngumi ngapi juu na vidole vingapi kulia au kushoto. Usiitegemee dira ya simu karibu na gari au mabati, inayumba.

Saa ya kutazama ina kanuni. Mwanafalaki Mwingereza Bernard Yallop mwaka 1997 aliiweka hivi: chukua muda baina ya kuzama jua na kuzama mwezi, gawa kwa 9, zidisha kwa 4. Mwezi ukizama dakika 45 baada ya jua, wakati bora ni dakika 20 baada ya jua. Darubini ianze kazi dakika kama 10 baada ya jua kuzama, ipite anga taratibu, msitari kwa msitari, kila msitari ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka wima na jioni ni fupi. Watu wanaokwenda kuswali magharibi jamaa kisha wakarudi pwani huwa wameshachelewa kwa mwezi mdogo. Wagawane: wengine waswali mwanzo wa wakati pale pale pwani, wengine watazame, kisha wabadilishane.

Na hapa ndipo hesabu inapoingia. Mwezi huachana na jua kwa nusu nyuzi hivi kila saa. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionesha kwamba chini ya nyuzi 7 kutoka kwenye jua, uzi wa mwezi hautokei kabisa, kwa jicho wala kwa darubini ya mkono. Kwa hivyo mwezi wenye saa 4 au 6 tangu kuzaliwa hauonekani na yeyote. Mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1447 ni mfano wa wazi. Ulizaliwa tarehe 17 Februari 2026 saa 9:01 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, pamoja na kupatwa kwa jua kule Antaktika. Magharibi ya Zanzibar siku ile ni kiasi cha saa 12:46, mwezi una saa tatu na dakika arubaini na kitu. Hakuna kioo cha dukani kinachouonesha.

Kinachoharibu ushahidi

Zuhura ikikaa chini magharibi imeshawadanganya wengi, na darubini ya mara kumi inaweza kuionesha na umbo dogo la mwezi, ikazidisha imani ya aliyekosea. Kingo ya wingu iliyopigwa na mwanga wa jua hupinda vizuri sana. Moshi wa ndege mrefu, ukitazamwa kwa ncha, huwa uzi mweupe. Ndani ya darubini yenyewe hutokea mwangwi wa mwanga, upinde hafifu unaoelea karibu na kitu king'avu.

Vipimo ni vinne. Pembe za mwezi huelekea kinyume cha jua lilipozama, siku zote. Kwetu hilali mara nyingi hulala chali kama dau, na anayesema pembe zilitazama chini kuelekea baharini hakuona mwezi. Pili, sogeza darubini kidogo: mwezi hukaa pale pale ukilinganisha na upeo, mwangwi wa kioo huhama. Tatu, funika pipa moja kisha jengine, mwezi ubakie kwa yote mawili. Nne, na hiki ndicho kizito kuliko vyote, mwite mtu wa pili aupate mwenyewe bila ya kuoneshwa ulipo. Ukishamwambia "uko juu ya ule mlingoti", ushahidi wake umekuwa wako.

Kuna kisa mashuhuri cha Iyas bin Muawiya, kadhi wa Basra, na Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, ambaye alikuwa amekaribia miaka mia. Watu walitoka kutazama hilali, Anas akasema ameiona na kunyoosha kidole, na hakuna mwengine aliyeiona. Iyas akamtazama usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho. Akaupangusa, akaulaza, kisha akamuuliza tena mwezi uko wapi. Anas akasema hauoni. Iyas hakusema mbele za watu kwamba mzee amekosea, wala hakunyamaza mji ukafunga kwa unywele. Kila anayeshika darubini jioni ya tarehe 29 na akatofautiana na mkubwa wake anatakiwa afanye kazi ile ile, na kwa mkono ule ule mwepesi.

Kuupeleka ushahidi

Andika pale pale pwani, kabla ya kupiga simu kwa yeyote: pahala uliposimama, saa jua lilipopotea, saa ulipouona mwezi na saa ulipopotea, urefu wake kutoka upeo kwa ngumi na vidole, kushoto au kulia ya jua, pembe zilielekea wapi, wangapi wameuona na wangapi kati yao waliupata bila ya kuelekezwa. Kisha nenda kwa imamu wako au sheha, au moja kwa moja Ofisi ya Mufti, Mazizini. Mapema ni bora. Ushahidi wa saa 1 usiku unasikilizwa na watu waliokaa. Wa saa 5 unawakuta wameshatangaza.

Sema kinaganaga: "Nimeuona kwa darubini, kwa jicho tupu sikuuona," ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Wanazuoni wengi wa leo wanakubali muoneko wa darubini maadamu mtu ameuona mwezi wenyewe kwa jicho lake kupitia kioo, na wapo wanaosema kilichoamrishwa ni jicho. Ni haki ya anayepokea ushahidi kuchagua kauli ya kuhukumia, na ni wajibu wako kumpa habari iliyokamilika ili achague. Anayeficha kioo ili ushahidi wake upite amemnyang'anya sheikh haki hiyo, na hapo hata kama mwezi ulikuwepo, amekosa.

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, kauli inayotegemewa ni kwamba shahidi mmoja muadilifu anatosha kuingia Ramadhani, na wawili kwa Shawwal. Kwa hivyo usishangae sheikh akiupokea ushahidi wako mwanzo wa mwezi na akauweka kando mwisho wake. Si dharau, ndiyo kanuni.

Akikataa nawe umeuona kwa yakini

Hapa watu huharibikiwa, kwa kuwa hawajui kwamba fiqhi imeshawafikiria. Kwa Shafi, aliyeuona mwezi wa Ramadhani peke yake na ushahidi wake ukakataliwa anafunga yeye. Aliyeuona wa Shawwal peke yake anafungua, lakini kwa siri. Madhehebu mengine matatu yanasema huyu wa Shawwal aendelee kufunga na watu. Angalia lile neno kwa siri. Dhamiri ya mtu haikuvunjwa, hakulazimishwa kufunga siku anayoamini ni ya Idi. Na jamaa haikuvunjwa, hakukaa na sahani ya biriani kibarazani kuwaonesha waliofunga. Kula kwako kunabaki baina yako na Mola wako, na Idi unaswali na watu siku yao.

Wanaosema kwamba kumkhalifu sheikh ni kutoka katika dini waisome aya ya 59 ya Suratun Nisaa mpaka mwisho. Imeamrisha kuwatii wenye mamlaka, kisha hapo hapo ikaeleza la kufanya mkikhitilafiana: jambo lirudishwe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Khitilafu imetajwa ndani ya aya ya utiifu yenyewe. Na wanaosema kwamba sheikh akikosea hapaswi tena kuswaliwa nyuma yake waangalie yaliyotokea Mina, karibu na Makka. Khalifa Uthman aliswali rakaa nne pale ambapo Mtume, Abubakar na Umar waliswali mbili. Sahaba Ibn Masud alipinga kwa kauli, tena waziwazi, kisha akaswali nne nyuma ya Uthman. Alipoulizwa, jibu lake lilikuwa kwamba kukhitilafiana ni shari. Hakuificha rai yake wala hakuiacha safu.

Akikubali nawe unajua haiwezekani

Hii ni ngumu zaidi, kwani inayopingana na tangazo ni hesabu yako, si jicho lako. Taqiyyuddin as-Subki, Mshafi aliyefariki mwaka 1355, alisema kwamba hesabu ikithibitisha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyedai kuuona unarudishwa. Wengine hawakuafikiana naye. Kwa hivyo unapokwenda kwa sheikh na nyuzi za Danjon mkononi, hukwendi na mambo ya kigeni, unakwenda na rai iliyomo vitabuni mwake.

Kinachoshindwa mara nyingi ni wakati na namna. Hesabu ipelekwe siku tatu nne kabla, karatasi moja: mwezi unazaliwa saa ngapi, jioni ya 29 utakuwa nyuzi ngapi kutoka jua, utazama dakika ngapi baada yake. Apewe mkononi, nyumbani kwake au msikitini baada ya watu kutawanyika. Sheikh aliyepata karatasi kabla anaweza kumuuliza shahidi maswali ya pembe na urefu. Sheikh aliyeipata baada ya kutangaza, tena katika sauti iliyorushwa kwenye makundi ya simu, ameachiwa mlango mmoja tu, wa kujitetea. Na akishahukumu, wanazuoni wana kanuni kwamba hukumu ya hakimu huondoa khilafu. Hadithi ya Bukhari na Muslim imempa hakimu aliyejitahidi akapata ujira mara mbili, na aliyejitahidi akakosea ujira mmoja. Unafunga na watu, rai yako unabaki nayo, na karatasi ya mwakani unaiandaa mapema zaidi.

Matlai

Darubini iweke chini. Sahihi Muslim ina kisa cha Kurayb: alikuwa Sham, mwezi ukaonekana usiku wa Ijumaa, akarudi Madina akakuta wao waliuona usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas alikataa kuufuata muoneko wa Sham. Shafi wengi wameshika hapo. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu mengine wamesema muoneko wa mji mmoja unawatosha wote. Kioo chako kikiona au kisione mwezi Bububu, hakibadilishi lolote katika hilo, na kila aliyewahi kujaribu kulimaliza kwa picha ya mwezi amezidisha maneno tu.

Zanzibar ina mazoea ya zamani katika jambo hili. Zama za masultani alikuwepo kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni katika mji mmoja, kila mmoja na vitabu vyake, na watu wakioana na kuzikana. Anayefuata Makka na anayefuata Mazizini wako karibu zaidi kuliko hao. La kufanya ndani ya nyumba ni dogo na linawezekana: aliyefunga asipikiwe mbele yake kwa makusudi, aliyefungua asiitwe mla Ramadhani, na sahani ya Idi ya anayetangulia iwekwe akiba.

Darubini nyengine, na kuitunza

Celestron SkyMaster 15x70 inafika mbali zaidi kwa mwezi mwembamba, lakini uwanja wake ni nyuzi 4.4 na uzito unakaribia kilo moja na nusu. Bila ya stendi nzito haifai kitu. Ni ya kikundi chenye mtu anayejua falaki, si ya mtu mmoja. Jiepushe na darubini za kuvuta zilizoandikwa 10-30 au zaidi, na zile zenye lenzi nyekundu kama kioo cha taa ya breki. Nyekundu ile hurudisha mwanga wa rangi ambao jioni ndio wenye mwezi ndani yake. Dukani ifanyie jaribio moja: ishike mbele kwa urefu wa mkono, ielekeze ukuta mweupe, tazama vile viduara vya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Viwe mviringo kamili. Vikiwa na kingo zilizokatwa, vioo vya ndani ni vya daraja la chini na kiasi cha mwanga kinapotea.

Adui wa chombo hiki visiwani ni kuvu. Unyevu na giza la kabati hutosha kuotesha utando kama wa buibui ndani ya lenzi kwa msimu mmoja wa mvua. Iweke ndani ya boksi la plastiki linalofunga vyema pamoja na vifuko vya silika jeli, ambavyo huchomwa jua au kubadilishwa vikishajaa maji. Ikitoka pwani, chumvi na mchanga vipulizwe kwanza kwa bomba la mpira, kisha kitambaa cha lenzi. Ncha ya kanga au ya kanzu hukwaruza, kwa sababu ya chembe za mchanga zilizomo.

Kwa mtu mmoja anayetazama mwezi mara moja kwa mwaka, gharama haina maana; aende pwani na jicho lake, ushahidi wake ni kamili. Wanaofaa kuinunua ni watu wa msikiti kwa mchango, wakaitumia kila tarehe 29 ya miezi yote 12, kwani macho yaliyozoea hilali ya Rajabu na Shaaban ndiyo yanayoitambua ya Shawwal. Daftari la ushahidi likae ndani ya boksi lile lile, na likaandikwa hata jioni ambazo mwezi haukuonekana. Na wa kwanza kufundishwa kuzungusha ile pete ya jicho la kulia awe imamu mwenyewe.